Wisconsin 2011: Serikali ikikaa mezani na watumishi wake, nani anamsemea mlipa kodi?

#1 Mkaa_Barafuni

Wakuu, heshima kwenu.

Kila ikizuka habari ya mgomo wa watumishi wa serikali Marekani, humu jukwaani hukumu inatoka kabla kesi haijasomwa: mfanyakazi kaonewa, gavana ni kibaraka wa matajiri, tumemaliza. Mimi ni mhafidhina na sijifichi. Nilikuwa naishi Wisconsin mwaka 2011, na vita ya gavana na vyama vya watumishi iliyotokea Madison, makao makuu ya jimbo hilo, majira yale ya baridi ndiyo yaliyonitoa kwenye mawazo ya nusunusu kuhusu vyama vya watumishi wa umma. Naomba mnivumilie, uzi ni mrefu.

Niweke mpaka mapema. Sina ugomvi na chama cha wafanyakazi wa kiwandani. Wafanyakazi wa kiwanda cha magari wakigoma, mwenye kiwanda ndiye anayeumia, na chama chenyewe kinajua kwamba kikibana kupita kiasi wateja watahamia kwingine na ajira zitapotea. Pande zote mbili zina cha kuogopa. Serikalini hofu hiyo haipo. Mlipa kodi hawezi kusema mwaka huu nahamishia kodi yangu kwa mshindani.

Halafu angalia anayekaa upande wa mwajiri. Ni mwanasiasa. Ada inakatwa kwenye mishahara ya watumishi, sehemu yake inaingia kwenye kampeni, kampeni inamweka mtu madarakani, na mtu huyohuyo anakaa kujadili mkataba wa hali bora na chama kilichomweka. Pesa wanayogawana si ya yeyote kati yao. Dalali anayekula pande zote mbili angalau wateja wake wote wapo mezani. Hapa mwenye pesa hata kiti hana.

Na msiniambie kwamba hizi ni hoja za matajiri wa mrengo wa kulia tu. Agosti 1937 Rais Franklin Roosevelt, kipenzi cha vyama vya wafanyakazi, alimwandikia barua Luther Steward, kiongozi wa chama cha watumishi wa serikali kuu. Alimweleza kwamba majadiliano ya pamoja (chama kujadili mishahara na masharti ya kazi kwa niaba ya wafanyakazi wote), kwa namna yanavyoeleweka kwa kawaida, hayawezi kuhamishiwa kwenye utumishi wa umma, kwa sababu mwajiri ni wananchi wote wanaosema kupitia sheria na wawakilishi wao. Kuhusu watumishi kuisimamisha serikali kwa mgomo, alisema ni jambo lisilofikirika wala kuvumilika. Huyo ni Roosevelt wa Wademokrati.

Wisconsin ndiyo iliyokwenda njia nyingine kabla ya wenzake wote. AFSCME, chama kikubwa cha watumishi wa majimbo na miji, kilizaliwa Madison mwaka 1932. Mwaka 1959 Wisconsin ikawa jimbo la kwanza Marekani kuwapa watumishi wa umma haki ya majadiliano ya pamoja kwa sheria. Kwa hiyo vita ya 2011 ilipiganwa ndani ya sebule ya vyama vyenyewe, na hilo linaeleza kwa nini ilikuwa kali vile.

#2 Mkaa_Barafuni (inaendelea)

Novemba 2010 Scott Walker alichaguliwa gavana, na Warepublican wakachukua mabaraza yote mawili ya bunge la jimbo. Mbele yao kulikuwa na nakisi iliyokadiriwa kufika dola bilioni 3.6 kwa bajeti ya miaka miwili iliyofuata. Tarehe 11 Februari 2011 Walker akatoa muswada ambao baadaye tuliuzoea kwa jina la Act 10.

Uliwataka watumishi wachangie takribani asilimia 5.8 ya mshahara kwenye pensheni yao wenyewe, na asilimia 12.6 ya gharama ya bima ya afya. Kabla ya hapo, wengi wao sehemu yao ya pensheni ilikuwa inalipwa na mwajiri, yaani na mlipa kodi ambaye mara nyingi mwenyewe hana pensheni. Majadiliano yakabanwa yabaki kwenye mshahara wa msingi tu, na nyongeza isizidi mfumuko wa bei mpaka wananchi wenyewe waikubali kwa kura. Serikali ikaacha kukusanya ada kwa niaba ya vyama. Na kila mwaka chama kilitakiwa kupigiwa kura upya, kipate asilimia 51 ya wafanyakazi wote wa kitengo, siyo ya waliojitokeza.

Polisi na zimamoto waliachwa nje. Hilo sikulipenda, nitalirudia.

Kilichotuuma wengi sisi wahafidhina wa kawaida kilikuwa kanuni ndogondogo zilizofichwa kwenye mikataba ya zamani. Mwaka 2010 huko Milwaukee mwalimu kijana aliyekuwa amepewa tuzo ya mwalimu bora wa mwaka wa kwanza alipata barua ya kupunguzwa kazi. Hakuwa na kosa. Mkataba ulisema wa mwisho kuingia ndiye wa kwanza kutoka, basi. Mkuu wa shule hakuwa na ruhusa ya kuangalia nani anafundisha vizuri. Walker alikitumia sana kisa chake, na mwalimu mwenyewe hakupenda kufanywa bango la siasa, nalisema hilo kwa haki. Lakini kanuni ilikuwa ileile, awe amependa au hakupenda. Halafu bima: wilaya nyingi za shule mikataba iliziweka kwenye kampuni ya bima iliyoanzishwa na chama cha walimu chenyewe. Sheria ilipopita, wilaya zikaruhusiwa kutafuta bei nafuu, na kadhaa zikaokoa pesa nyingi bila kumgusa mwanafunzi.

#3 Mkaa_Barafuni (sehemu ya mwisho kabla sijawaachia uwanja)

Sasa mbinu. Hapa ndipo damu yangu ilipochemka, na bado haijapoa.

Seneti ya Wisconsin ina viti 33. Warepublican walikuwa 19, Wademokrati 14. Muswada wenye masuala ya fedha ulihitaji maseneta 20 ukumbini ili akidi itimie. Tarehe 17 Februari Wademokrati wote 14 wakapanda magari wakavuka mpaka kuingia Illinois, mahali ambapo polisi wa Wisconsin hawawezi kuwafuata, wakakaa huko wiki tatu huku wakiendelea kuwa maseneta. Chama chao kilikuwa kimeshindwa uchaguzi miezi mitatu tu kabla. Siku chache baadaye Wademokrati wa baraza la chini la Indiana nao wakakimbilia Illinois kwa sababu ya muswada mwingine wa kazi. Yaani jimbo jirani lilikuwa kambi ya wabunge watoro.

Shule za Madison zilifungwa kuanzia Jumatano tarehe 16 Februari kwa sababu walimu wengi mno walipiga simu kusema wanaumwa. Siku hiyohiyo walionekana bungeni wamebeba mabango. Wikendi ile madaktari waliovaa makoti meupe walisimama mtaani karibu na jengo la bunge wakiwaandikia waandamanaji ED (karatasi ya daktari ya kupumzika kazi kwa ugonjwa), mtu baada ya mtu, hapohapo kwenye baridi, mtu akiwa mzima wa afya. Baadhi yao baadaye waliadhibiwa. Hebu fikirini: daktari ana kiapo, mwalimu ana darasa, na wote wawili wanashirikiana kuandika uongo kwenye karatasi rasmi ili mlipa kodi alipie siku ya maandamano dhidi yake mwenyewe.

Jirani yangu wakati ule alikuwa mama wa Kihmong (jamii yenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki), anasafisha vyumba hotelini, analipwa kwa saa. Shule ya mtoto wake ilipofungwa hakuwa na wa kumwachia. Akakosa zamu, akakosa hela. Hakuna chama kilichomsemea, na kodi yake ndiyo ilikuwa inalipa pensheni za watu waliofunga shule.

Nilikwenda bungeni kujionea. Jengo ni zuri sana, marumaru mpaka juu, kuba kubwa. Mabango yamegandishwa kwa selotepu kwenye kuta kila mahali. Ngoma zinapigwa chini ya kuba na mwangwi unazunguka mpaka huwezi kuzungumza na mtu aliye pembeni yako. Vijana wamelala kwenye korido na magodoro yao, maboksi ya piza yamerundikwa; kuna mgahawa jirani ulikuwa unapokea oda za kuwalisha waandamanaji kutoka nchi mbalimbali, hata Misri. Walikuwa wakiimba kwamba hivi ndivyo demokrasia inavyoonekana. Mimi nilisimama pale nikiwaza watu zaidi ya milioni moja na laki moja waliompigia Walker kura Novemba, waliokuwa kazini saa ile. Demokrasia yao iko wapi?

Tarehe 9 Machi Warepublican waliondoa vipengele vya fedha ili akidi ya kawaida itoshe, seneti ikapitisha 18 kwa 1. Tarehe 11 Walker akasaini. Ikaja kesi mahakamani kusimamisha sheria. Mwezi Juni Mahakama Kuu ya jimbo ikairudisha kwa kura 4 kwa 3. Ikaja kampeni ya kuwaondoa maseneta kabla ya muda wao. Ikaja ya kumwondoa gavana mwenyewe, sahihi zaidi ya 900,000. Tarehe 5 Juni 2012 wananchi wakapiga kura, Walker akashinda kwa asilimia 53, kura nyingi kuliko za mwanzo. Alikuwa gavana wa kwanza Marekani kunusurika kura ya namna hiyo. Mwaka 2014 akashinda tena.

Uwanja ni wenu.

#4 Kisiki_cha_Mpingo

Mkuu, uzi umeshiba. Ila kuwa mkweli: hao maseneta walitumia kanuni iliyopo. Akidi imewekwa ili wachache wasiburuzwe. Na chama chako je? Oregon mwaka 2019, 2020 na 2023 ni Warepublican waliotoka ukumbini kuvunja akidi. Hata Abraham Lincoln aliwahi kuruka dirishani pale Springfield mwaka 1840 kukwepa kuhesabiwa. Mbona hukuwataja?

#5 Mkaa_Barafuni

Umeuliza vizuri. Wale wa Oregon nawapinga vilevile, na wananchi wa Oregon walifanya jambo la busara: mwaka 2022 walipitisha kifungu kwamba mbunge akikosa vikao kumi bila ruhusa hagombei kipindi kinachofuata. Maseneta kumi waliotoroka 2023, karibu wote wa Republican, kikawanasa, mahakama ikakubali. Nilifurahi, ingawa ni watu wa upande wangu. Ukichaguliwa kukaa ukumbini, kaa ukumbini upige kura za hapana, useme usiku kucha ukitaka. Seneta wa Republican Dale Schultz alipinga Act 10 akiwa ndani ya ukumbi, yeye peke yake dhidi ya wenzake 18. Huyo namheshimu kuliko wote 14 waliokuwa hotelini Illinois.

Lakini tofauti moja ipo. Wa Oregon walikuwa wabunge peke yao. Wa Wisconsin walikuwa sehemu ya kitu kimoja: wabunge Illinois, walimu nje ya madarasa, bunge limekaliwa, wanasheria mahakamani, wakusanya sahihi milangoni, na nyuma ya yote kuna pesa ya ada iliyokatwa kwenye mishahara ya serikali. Hapo ndipo ninaposema chama cha watumishi wa umma si chama cha wafanyakazi tena. Ni tawi la chama cha siasa linalolipiwa na hazina.

#6 Mwalimu_Chaki

Habari zenu. Mimi ni mwalimu, niko magharibi mwa Kenya. Nimesoma nikakasirika, nikasoma tena nikatulia, sasa najibu kwa heshima.

Ndugu, nadharia yako inasema mwanasiasa na chama wako upande mmoja. Kwetu mwaka 2015 mahakama ilitupa nyongeza ya asilimia 50 hadi 60, serikali ikasema haiwezi na hailipi. Tukagoma wiki tano mwezi Septemba. Baadaye Mahakama ya Rufani ikaifuta nyongeza yenyewe. Mwanasiasa gani hapo alikuwa rafiki yetu? Mwalimu bila chama mbele ya serikali ni mtu mmoja na barua yake.

La pili, Walker wako si mtakatifu. Februari ileile alipigiwa simu na mtu aliyejifanya ni bilionea David Koch, akamwamini, wakaongea kwa dakika nyingi, na akasema kwamba walikuwa wamefikiria kupenyeza watu wa fujo kwenye maandamano. Kuna pia video ambayo anamwambia tajiri mfadhili wake kwamba atawagawa ili awashinde, ataanza na watumishi wa umma. Hizo mbinu mbona umeziruka?

La tatu, mishahara ya walimu wenzetu kule ilipungua walichopeleka nyumbani, na utafiti wa Jason Baron ulikuta matokeo ya wanafunzi yalishuka, zaidi kwenye shule zilizokuwa dhaifu tayari.

#7 Mkaa_Barafuni

Mwalimu, nakusalimu kwa heshima na asante kwa kutulia.

Simu ile ilikuwa aibu. Gavana anayefikiria hata kwa dakika moja kupenyeza wahuni kwenye maandamano ya raia anastahili kulaumiwa, na mimi namlaumu. Sitamtetea kwa hilo. Sheria haigeuki mbaya kwa sababu aliyeileta aliongea ovyo kwenye simu, wala haigeuki nzuri kwa sababu wapinzani wake walitoroka.

Kuhusu utafiti, yapo matokeo ya pande mbili. Barbara Biasi wa Yale alifuatilia wilaya za Wisconsin baada ya mikataba ya zamani kuisha. Zile zilizoacha jedwali la mshahara kwa miaka ya kazi, zikaanza kulipa kwa uwezo, zilivuta walimu wazuri kutoka kwa jirani zao na waliobaki wakaongeza bidii. Huyohuyo na mwenzake walikuta pia kwamba mishahara ya walimu wanawake vijana ilianza kubaki nyuma ya wanaume, kwa kuwa wanawake waliomba nyongeza mara chache zaidi. Hilo linanisumbua na siwezi kulifunika. Walimu waliopoteza kipato nao ni watu, wana mikopo na ada za watoto. Lakini swali langu halijawahi kuwa kama mwalimu analipwa vizuri. Ningependa mwalimu mzuri alipwe kuliko ninavyolipwa mimi. Swali ni nani anaamua, na mbele ya nani anawajibika.

Kuhusu Kenya, kisa chako kinanipa sababu ya kufikiri tofauti kwa nchi tofauti. Chama chenu hakimweki rais madarakani. AFSCME na vyama vya walimu Marekani ni miongoni mwa wafadhili wakubwa wa Wademokrati, miaka nenda miaka rudi. Pale ambapo serikali ni katili na chama ni dhaifu, hoja yangu ya meza moja haikai sawasawa. Ila wiki zile tano za Septemba, Mwalimu, mtoto wa mwenye duka mdogo na mtoto wa mkulima walisoma wapi?

#8 Mwalimu_Chaki

Hawakusoma. Na ilituuma. Usidhani mwalimu anafurahia darasa tupu.

#9 Mkaa_Barafuni

Naamini, Mwalimu. Sidhani hivyo.

#10 Ngosha_wa_Buzuruga

Wakuu natia neno. Mimi ni mwalimu Tanzania. Kwetu chama kinakata asilimia 2 ya mshahara, na kuna ada ya uwakala, hata usipojaza fomu ya uanachama unakatwa kwa maelezo kwamba chama kinakutetea. Miaka tumelalamika. Huko Marekani mtu asiye mwanachama anakatwa?

#11 Mkaa_Barafuni

Mkuu Ngosha, hapo umegusa kidonda chenyewe. Tangu 1977, kwa hukumu ya Abood, serikali iliruhusiwa kumkata mtumishi asiye mwanachama ada ya uwakala, mradi isitumike kwenye siasa. Lakini ukijadiliana na serikali, kila unachodai ni siasa: mishahara ni bajeti, bajeti ni kodi. Mark Janus, mtumishi wa Illinois anayeshughulikia matunzo ya watoto, akasema halazimiki kulipia msimamo asioukubali. Tarehe 27 Juni 2018 Mahakama Kuu ya Marekani ikakubaliana naye 5 kwa 4, na ada hiyo ikafa kwa watumishi wote wa umma nchi nzima. Hukumu iliandikwa na Samuel Alito.

Wisconsin tayari ilikuwa imeonyesha nini kinatokea watu wakiachiwa wachague. Wanachama wa vyama walikuwa asilimia 14.2 ya wafanyakazi wote wa jimbo mwaka 2010. Ilipofika 2016 walikuwa takribani 8. Watetezi wa vyama wanasema sheria iliwavunja, na ni kweli kwamba chama kisicho na cha kujadili kinapoteza mvuto. Lakini maelfu ya watu waliacha kulipa siku ile tu walipoulizwa kama wanataka kulipa. Chama kinachopendwa na wanachama wake hakihitaji mhasibu wa serikali kukikusanyia ada.

#12 Kisiki_cha_Mpingo

Uliahidi kurudi kwa polisi na zimamoto. Mbona hao waliachwa wanajadiliana kama kawaida? Si ndiyo wanapokea mishahara ya mlipa kodi huyohuyo? Baadhi ya vyama vyao vilimuunga mkono Walker kwenye uchaguzi.

#13 Mkaa_Barafuni

Sikusahau. Hoja iliyotolewa ilikuwa usalama: nani atalinda miji kama polisi nao wakianza kuumwa kama walimu? Mwaka 1919 polisi wa Boston waligoma, mji ukaporwa, na Calvin Coolidge aliyekuwa gavana akasema hakuna mwenye haki ya kugoma dhidi ya usalama wa umma, popote, wakati wowote. Ukimsikiliza Coolidge vizuri, polisi ndio wangepaswa kuwa wa kwanza kubanwa. Walker alifanya kinyume chake. Kanuni kama ni kweli ni kweli kwa mwalimu na kwa askari, na aliyekuunga mkono hapati kiti chake peke yake mezani. Hiyo ndiyo meza ileile ninayoipinga.

Wenzao wa Ohio walijaribu kuwa sawa kwa wote mwaka huohuo. Sheria yao, Senate Bill 5, iliwajumuisha polisi na zimamoto. Vyama vikaweka wazima moto kwenye matangazo ya televisheni, na Novemba 2011 wananchi wakaifuta kwa zaidi ya asilimia 60. Kwa hiyo wanasiasa wa Wisconsin walijua hesabu zao.

Ila hesabu ile imekuja kudai. Desemba 2024 jaji wa Dane County (kaunti ilipo Madison), Jacob Frost, alifuta sehemu kubwa ya Act 10, na msingi wake ni huohuo: hakuona sababu ya maana ya kuwatenga watumishi wa "usalama wa umma" na wengine wote, tena wengine wanaobeba bunduki na kukamata watu waliwekwa kwenye kundi la kawaida. Kesi ikaenda rufaa. Mara mbili Mahakama Kuu ya jimbo ilikwishaipitisha sheria hii kwa hoja nyingine, 2011 na 2014. Hii ya ubaguzi wa makundi ni mlango ambao Walker aliufungua kwa mkono wake Februari ile, na mimi nasema hivyo nikiwa bado naitetea sheria yenyewe.